Kiwanja, Hisa na Kiinua Mgongo: Mazungumzo na Walimu wa SACCOS, Morogoro

Walimu wenzangu, wakubwa shikamooni, wadogo hamjambo. Mwenyekiti ameniomba nizungumzie majengo na hisa, kipi bora kwa mwalimu anayekaribia kustaafu. Nimefundisha utunzaji wa hesabu miaka thelathini na moja, na mwanafunzi akiniandikia "hiki ni bora" bila kusema bora kwa nani na kwa muda gani, nilikuwa namrudishia daftari. Leo nimepewa mimi swali hilo hilo, tena mbele ya watu.

Kwanza nyoosheni mikono. Nani ana kiwanja? (Karibu ukumbi mzima.) Nani ana hisa? Wanne. Wa pale dirishani mkono wake umefika nusu. Unasemaje, mwalimu? Ni za marehemu baba yako, na hujui ni ngapi. Asante, nitakurudia.

Sababu ya mikono hii kupishana hivi naifahamu. Kiwanja unakwenda kukiona Jumamosi, unapanda mwembe, unamwonyesha shemeji. Hisa ni namba kwenye simu. Na mtu aliyekulia kijijini, ambako ardhi ndiyo heshima ya mtu, hawezi kulaumiwa kwa kutaka kitu anachoweza kukikanyaga.

Sasa tufanye hesabu ubaoni. Nyumba ya kupangisha, vyumba vinne, pembeni ya mji. Kiwanja na ujenzi vimekula milioni 60. Kila chumba 60,000 kwa mwezi. Ikijaa mwaka mzima unapata 2,880,000. Hapo ndipo mwenye nyumba hufunga daftari. Mimi ndipo ninapolifungua. Vyumba viwili vimekaa wazi miezi miwili: toa 240,000. Mlango ulioliwa na mchwa, koki, rangi, gari la majitaka: weka 300,000, na nimekuwa mpole. Kodi ya mapato ya pango, asilimia 10 ya ulichokusanya: 264,000. Zinabaki 2,076,000. Gawanya kwa milioni 60. Ni asilimia tatu na nusu hivi, na sijaweka kodi ya majengo ambayo tangu mwaka 2021 inakatwa kwenye luku ya umeme, wala nauli zako za kwenda kudai, wala usiku ule mpangaji alipohama na masinki.

(Kicheko.) Nacheka na mimi, lakini yalinikuta.

Halafu kuna kitu hatukiandiki kabisa: pagala. Mwalimu anaanza msingi mwaka huu, mwakani tofali, mwaka wa tatu anapumzika kwa sababu mtoto ameingia chuo, wa tano anafunga lenta. Miaka minane nyumba haina bati. Fedha zote hizo zimekaa mvuani bila kuzaa hata senti, na nondo zilizochomoza juu zinaota kutu. Tunahesabu siku ya kuhamia, hatuhesabu ile minane. Mkinibana niseme tatizo kubwa la majengo kwa mtu wa mshahara, sitataja kodi wala wapangaji wasumbufu. Nitasema pagala.

Mtaniambia, lakini mwalimu, thamani inapanda. Inapanda kweli. Aliyekuwa na kiwanja Dodoma kabla ya Julai 2016, serikali ilipotangaza kuhamia huko, hanihitaji mimi kumfundisha. Aliyeshika eneo Kigamboni kabla daraja halijafunguliwa Aprili 2016 naye ana maneno yake. Ila angalieni bei tunayoisema. "Jirani yangu ameambiwa milioni arobaini." Ameambiwa na nani? Dalali. Amelipwa? Bado. Hiyo ni thamani ya mdomoni, na inakaa mdomoni hadi siku unapohitaji fedha za hospitali. Siku hiyo anakuja mnunuzi mmoja, anakutazama usoni, anakupa ishirini na mbili.

Hisa hazina siri hiyo, na ndiyo maana zinatutisha. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua Aprili 1998 likiwa na kampuni moja tu, TOL, ya gesi za viwandani. Leo kampuni hazifiki hata thelathini, lakini kila siku ya kazi bei inatangazwa, na ikishuka unaiona. NMB iliuza hisa zake kwa umma mwaka 2008 kwa shilingi 600. Mwaka uliofuata CRDB ikauza kwa 150. Hiyo ya CRDB ndiyo nataka tuitazame. Ilipanda, kisha ikashuka, ikafika mahali ikawa chini ya ile 150 ya mwanzo, miaka kama kumi baada ya watu kuinunua. Wengine wakauza kwa hasira. Miaka michache baadaye ikapita 400. NMB nayo kufikia 2023 ilikuwa imevuka 4,000. Katikati hapo kulikuwa na gawio, yaani fungu la faida wanalogawiwa wenye hisa, ambalo kwa kampuni iliyoorodheshwa sokoni linakatwa kodi ya zuio asilimia 5 na kinachobaki kinaingia benki bila wewe kugonga mlango wa mtu.

Mimi ni mmoja wa waliouza. Sitaitaja benki, haikunikosea kitu. Niliona bei imelala chini ya niliyonunulia, nikachoka, nikauza zote, nikanunua marumaru ya sebuleni. Marumaru yapo mpaka leo, wageni wanayasifu. Kila wakiyasifu napiga hesabu kimoyomoyo.

Sasa jiulizeni, nyumba zenu zingekuwa na kibao mlangoni kinachobadilisha bei kila asubuhi, leo milioni hamsini, kesho arobaini na sita kwa sababu kisima kimekauka, wangapi mngekuwa mmeshauza? Tunaitwa wavumilivu kwenye ardhi kwa sababu hatuoni bei.

Msiondoke hapa mkidhani nauza hisa. Mwaka 2017 Vodacom Tanzania iliuza kwa umma kwa 850, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziorodheshe sehemu ya hisa zao, na kwa muda mrefu bei sokoni ilikaa chini ya hapo. Wenzetu Kenya walipanga foleni mwaka 2008 kununua Safaricom kwa shilingi 5 za kwao, mwaka uliofuata ikawa chini ya 3, mwaka 2021 ikavuka 40, na 2023 ikarudi chini ya 20. Mtu mmoja, kampuni moja, anaweza kukwambia imemtajirisha au imemfilisi, inategemea aliingia lini. Na soko letu ni dogo. Kuna hisa ambazo wiki inapita bila mtu kuzinunua, kwa hiyo ile sifa kwamba unauza siku unayotaka ni ya kampuni chache kubwa. Asiyetaka kuchagua kampuni anunue vipande vya UTT, yaani mifuko ya uwekezaji wa pamoja; Mfuko wa Umoja upo tangu 2005. Hilo sitalirefusha.

Na ardhi, ni salama kama tunavyosema? Kwa sheria zetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndiye mdhamini wake. Ulicho nacho ni hati ya kuitumia kwa miaka 33, 66 au 99. Mwaka 1971 serikali ilitwaa majengo yaliyozidi thamani ya shilingi 100,000, na baadhi ya yale maghorofa ya zamani mnayoyaona mjini yana kibao cha Shirika la Nyumba kwa sababu hiyo. Karibu zaidi, 2017, nyumba za Kimara hadi Kibamba zilivunjwa kupisha Barabara ya Morogoro. Watu walikuwa wameishi humo miaka na miaka. Mimi mwenyewe nilinunua kiwanja kwa karatasi ya mkono, mashahidi wawili na mjumbe. Mwaka wa pili nikamkuta mzee mmoja amekaa juu ya jiwe langu la mpaka, ana karatasi kama yangu, mjumbe yule yule. Muuzaji hapatikani. Tulikaa pale juani tukaonyeshana karatasi, tukacheka, maana kulia tusingeanza mbele ya mafundi.

Dalali wa kiwanja ana pikipiki na simu mbili. Dalali wa hisa ana leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana. Jina lao ni moja.

Nije kwenye kilichotuleta: kikokotoo, ile kanuni ya kupigia hesabu mafao ya kustaafu. Mnajua mkupuo, ile sehemu ya mafao unayolipwa kwa mara moja, ulivyokuwa: asilimia 50, kisha 33 mwaka 2022, kisha 40 mwaka 2024. Mkupuo ukipungua, kosa moja linauma zaidi. Na mwalimu mstaafu hahitaji fedha zote kwa siku moja. Anahitaji ada mwezi wa kwanza, dawa mwezi wa nne, harusi ya mpwa mwezi wa saba. Hisa unaweza kuuza mia tatu ukabakiza elfu mbili. Nyumba huwezi kuuza chumba kimoja kulipa ada. Tena ukitaka kuiuza yote, mwenzi wako lazima aridhie, na ni haki yake.

Hilo hilo linatufikisha kwenye mirathi. Nyumba moja, watoto sita, mmoja anakaa humo na hataki kutoka. Mmeona kesi hizo. Hisa zinagawanyika kwa sita, ilimradi familia inajua zipo. Mwalimu wa dirishani, nilikuahidi. Tafuta namba ya akaunti ya CDS ya mzee, ile inayotunza kumbukumbu za hisa zake, chukua barua ya usimamizi wa mirathi mahakamani, nenda kwa dalali yeyote mwenye leseni. Huenda kuna magawio ya miaka yanakusubiri.

Kuna swali pale nyuma. Sema kwa nguvu, mwalimu. Una pagala Mkundi, kuta zimefika kwenye lenta, na una milioni nane. Ununue hisa au uendelee? Unapanga nyumba kwa sasa? Kodi shilingi ngapi? Laki na nusu kwa mwezi. Hiyo ni 1,800,000 kwa mwaka inayotoka mfukoni mwako. Milioni nane zinatosha mbao, bati na chumba kimoja cha kuhamia? Fundi amesema saba na nusu. Basi ongeza, fundi hajawahi kusema kweli, lakini paua kabla ya masika, uhamie. Kodi utakayoacha kulipa, hiyo laki na nusu ya kila mwezi, ndiyo uje nayo kwangu tuongee hisa.