Kusomea Maua Chuo Kikuu: Nawajibu Mnaoniuliza Kazi Itatoka Wapi

Habari zenu ndugu zangu, na wakubwa wote mnaotazama, shikamooni. Leo najibu swali moja. Kila nikipandisha video, hata niwe naongelea baridi, mtu lazima aandike: "Yaani umepanda ndege kwenda kusomea maua? Kazi utapata wapi?" Nimejibu kwa maandishi mpaka vidole vimechoka. Nikisema ninachokipenda msione najigamba, na nikisema kinachoniumiza msione nalialia.

Kinachonikera kuliko vyote ni ile kauli ya "si ungemwagilia tu bustani hapa hapa." Kwanza anayemwagilia trei ya miche bila kuozesha mizizi ana ufundi wake, mheshimuni. Pili, fani ninayosomea, yaani mimea ya mapambo, ni pana: maua ya kukata, ya chungu, miti ya mitaani, hadi nyasi za viwanja vya mpira. Mwaka wa kwanza ni kemia, botania, udongo na takwimu. Aliyekimbia kemia sekondari akidhani huku atapona, ataikuta inamsubiri mlangoni.

Chukua krisanthemu. Huu mmea hutoa maua usiku ukiwa mrefu. Garner na Allard, wanasayansi wa Marekani, waliandika mwaka 1920 jinsi urefu wa mchana na usiku unavyouamuru mmea uchanue, wakitumia tumbaku na soya, na wakulima wa krisanthemu na poinsetia, ule mmea wa Krismasi wenye majani mekundu, wanaishi kwa ujuzi huo mpaka leo. Jioni tunavuta pazia jeusi juu ya matuta, asubuhi tunalitoa, ili mmea upate usiku tunaoutaka sisi. Sasa pazia likiwa na tundu na taa ya nje ikapenya, utaikuta mimea ya upande ule imebaki majani matupu wakati wenzake wameshajaa vitumba. Mnunuzi ameagiza kwa tarehe. Ua likikawia wiki moja, sikukuu imeshapita na hakuna wa kulinunua. Ndiyo maana nasema hii ni kazi ya hesabu, na mimi naipenda kwa sababu hiyo hasa.

Kuna na mtihani wa kutambua mimea. Unawekewa tawi mezani, huna kitabu, unaandika jina la Kilatini: jenasi, spishi, na kama ni aina iliyozalishwa na watu, jina lake kwenye alama za nukuu. Herufi ikikosewa, alama imepotea. Mfumo huo wa majina mawili ni ule wa Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Sweden, wa mwaka 1753, na msimlaumu, maana bila huo mtu angeagiza mmea mmoja akaletewa mwingine.

Tuje kwenye pesa na makaratasi, maana hapa ndipo wengi wanakwama na hawaambiwi. Ada ya maombi mara nyingi hairudi hata ukikataliwa, kwa hiyo kutuma vyuo vingi kwa kubahatisha ni kuchoma pesa. Matokeo yako yanahitaji kutafsiriwa na mtu anayetambulika, si rafiki yako anayejua lugha. Halafu ubalozi unataka uthibitisho wa fedha, na hizo fedha zikae benki bila kuguswa wakati nyumbani wanakupigia simu kuna mgonjwa. Hilo liliniuma, na ndugu wengine mpaka leo wanaamini niliwanyima.

Ukishafika, kuna mafunzo kwa vitendo. Kuna kampuni moja, siitaji, nilifanya kazi kwao msimu mzima wa kuotesha. Siku ya kusainiwa daftari la mafunzo, msimamizi akaanza kunizungusha: mara yuko safarini, mara fomu haimhusu. Bila saini chuo hakitoi alama. Na viza ya mwanafunzi kwa kawaida ina kikomo cha saa za kazi, huwezi kusema utarudia wikiendi. Mimi sasa sigusi mkasi wa kupogolea kabla mkataba haujasainiwa na pande zote, chuo kikiwemo. Wewe utaamua yako, kila mtu na mazingira yake.

Kazi zipo? Kwa ninavyoona mimi, zipo, ila shahada peke yake haitoshi. Mwajiri wa kitalu nyumba ananiuliza kama nina leseni ya kunyunyizia dawa, kama naendesha gari, kama nikigeuza jani natofautisha utitiri na thripsi, vijidudu vidogo vinavyofyonza mmea. Hayo anza kuyatafuta mwaka wa kwanza. Wengine wanaenda kwenye kuzalisha aina mpya, wengine kubuni mandhari, wengine bustani za mimea. Mimi moyo wangu uko kwenye ua baada ya kukatwa. Kanesheni, aina ya ua la kukata, hata ikiwa nzima ukiiweka chumba kimoja na matunda yanayoiva, gesi ya ethilini inayotoka kwenye matunda hayo inaikunja petali na mzigo wote umekufa bila ugonjwa wowote. Anayejua kuzuia hilo, kutoka shambani hadi ghala la baridi, anatafutwa.

Na ipo kazi ya ukaguzi wa afya ya mimea, ambayo vijana wengi hawaifikirii. Hapo niwajibu na nyie mnaoniandikia nikija likizo niwaletee vipandikizi kwenye begi. Mmea unaovuka mpaka unahitaji cheti cha afya kutoka nchi inayoutuma, na mara nyingi kibali cha nchi inayoupokea, kwa sababu wadudu na virusi husafiri ndani yake. Gugumaji lenyewe lilitolewa Amerika Kusini na kusambazwa kwa ajili ya uzuri wa maua yake, na mnajua lilivyoziba maziwa. Juu ya hapo, aina nyingi mpya za mimea zina haki za mzalishaji, yaani za yule aliyezibuni, mambo yaliyowekewa mkataba wa kimataifa, UPOV, tangu mwaka 1961. Ukiotesha vipandikizi vya aina hizo ukauza bila idhini, una kesi. Kwa hiyo jibu ni hapana, hata kitawi kimoja, hata kwa mama yangu mzazi, na yeye nimeshamwambia.