Weka Gundi Chini, Shika Shazia

Assalaam aleikum, Bwana asifiwe, na wengine wote habari za asubuhi. Ahsanteni kwa kusogea mbele, maana leo kuna vitu vya kushikwa na kupitishwa mkono kwa mkono.

Nimeombwa nizungumzie mapambo ya nyumbani na zawadi za kutengeneza wenyewe kwa pesa kidogo. Walionisikia huko nyuma wanajua nitakachosema, na nitakisema tena kwa sababu bado hakijafanyika. Kazi ya mkono haidharauliwi kwa sababu malighafi yake ni rahisi. Inadharauliwa kwa sababu haikumaliziwa. Ukingo umeachwa wazi, uzi unaning'inia, kamba imebandikwa kwa gundi ikaachwa hivyo hivyo. Mtu anatumia jioni nzima kutengeneza, halafu ile robo saa ya mwisho, ya kukunja na kushona ukingo, anaona ni usumbufu.

Na gundi ndiyo inayowafundisha uvivu huu. Nazungumzia ile ya vijiti, inayoyeyushwa kwa kifaa cha umeme. Vijana wanaipenda kwa sababu kazi inaisha haraka na picha inatoka vizuri. Lakini gundi iliyoshika kwa kuyeyushwa italegea tena ikipata joto, ndivyo ilivyotengenezwa. Sasa sisi tunaishi wapi? Tanga! Dirisha linalopigwa na jua la saa tisa alasiri, dashibodi ya gari lililoegeshwa nje ya msikiti, juu ya friji, karibu na jiko. Huko ndiko mapambo yetu yanakokaa.

Kijana mmoja wa mtaani kwetu alimtengenezea shangazi yake chupa ya maua. Alichukua chupa, akaizungushia kamba ya katani kuanzia chini hadi shingoni, gundi kila mahali. Ilikuwa nzuri, sikatai. Shangazi akafurahi, akaiweka dirishani sebuleni, upande wa magharibi. Kiangazi kilipokolea kamba ikaanza kuteremka. Kwanza shingoni, halafu tumboni, mwisho ikarundikana yote chini kama soksi iliyolegea. Kijana akaona haya, akataka kuichukua aitupe. Shangazi akakataa. Yeye ni mwanamke aliyesuka ukili wa mikeka tangu utotoni, na hakuna kamba inayomshinda. Akaibandua yote, akakwangua gundi kwa kisu, akaenda kwa fundi viatu akaomba uzi, akatoa shazia yake, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka. Akaizungusha ile kamba juu ya mkeka, duara baada ya duara, kila duara akilishona kwenye lililotangulia. Likatoka duara bapa la kukalishia sufuria mezani. Lipo mpaka leo, na sufuria ya wali inatoka jikoni moja kwa moja inakaa juu yake. Kamba ni ile ile, shazia ndiyo iliyoleta tofauti.

Basi tufanye kazi yenyewe, maana naona watu wameshika kalamu. Historia ya mkonge, mmea unaotupa katani, siwarudishii. Ile miche 62 ya Hindorf, Mjerumani aliyeuleta mkonge huku, iliyosalimika mwaka 1893, kila mtoto wa hapa ameisoma shuleni. Nitasema hili moja tu: nchi iliyowahi kufikisha takriban tani 230,000 za katani kwa mwaka, kule 1964, kabla nyuzi za plastiki hazijatunyang'anya soko, haina sababu ya kununua maua ya plastiki ili sebule ipendeze. Kamba ya katani mnaipata kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, kwa mita. Chukueni ya unene wa milimita 6. Nyembamba zaidi inachosha, nene zaidi haikunjiki vizuri katikati.

Anzeni na kiduara cha kuwekea glasi, upana wa sentimita 10. Ncha ya mwanzo ifungwe kwa uzi kwanza, mizunguko mitano au sita ya kukaza, isifumuke. Ikunje ijizungukie yenyewe, na hapo mwanzoni mshikilie kwa kidole gumba, maana duara la kwanza ndilo gumu kuliko yote. Shazia iingie nusu ya unene wa kamba ya ndani, itokee nusu ya unene wa kamba ya nje, uzi ubaki umefichika katikati. Hatua moja na nyingine ziachane kama upana wa kidole. Msivute sana! Ukivuta sana duara linainuka kingo linakuwa bakuli. Anayetaka bakuli au kikapu avute makusudi, apandishe mzunguko juu ya mzunguko. Anayetaka bapa alaze kazi juu ya meza wakati wote anaposhona, asiishike hewani.

Na mwisho sasa, ndio ninaoupigia kelele. Msikate kamba butu mkaiacha imejitokeza kama kidonda. Zifumueni zile nyuzi za ncha ya mwisho, urefu wa vidole vitatu hivi, mzikate kwa kupunguza, hii fupi, hii ndefu kidogo, hii ndefu zaidi, ncha iwe nyembamba inayoisha polepole. Kisha ishoneni chini ya mzunguko wa nje. Ukipitisha mkono ukingoni usiweze kujua umeishia wapi. Hiyo ndiyo dakika kumi inayogeuza kipande cha kamba kuwa zawadi.

Kamba inatoa manyoya? Inatoa, ndiyo. Mkasi mkali unatosha. Wengine huyaunguza kwa kupitisha kazi haraka sana juu ya mshumaa. Inafanya kazi, ila katani ni kavu na inashika moto upesi, kwa hiyo nje ya nyumba, ndoo ya maji pembeni, na mtoto asiachiwe. Kama haikulala bapa, weka kitambaa chenye unyevunyevu juu, pitisha pasi, kisha ilaze chini ya kitu kizito usiku kucha. Usiiloweke kwenye beseni. Katani hunywa maji, ikichelewa kukauka inaota ukungu. Ikichafuka, futa na uanike penye upepo.

Sasa hesabu, na tafadhali msinikimbie, hesabu hii itawaokolea pesa. Mtu ananunua kamba kwa kukisia, inaisha katikati, anarudi dukani anakuta nyingine ya rangi tofauti. Chukua upana wa duara unalotaka kwa sentimita, zidisha kwa upana huo huo, zidisha kwa 0.785, kisha gawanya kwa unene wa kamba, nao kwa sentimita. Kiduara cha glasi: 10 mara 10, mara 0.785, gawanya kwa 0.6, unapata kama sentimita 131. Cha sufuria cha sentimita 20: kama sentimita 523, yaani mita tano na robo. Mmeona? Upana umezidi mara mbili, kamba imezidi mara nne. Ndiyo maana nawakataza wanaoanza wasikimbilie vimkeka vya kuwekea sahani. Kimoja cha sentimita 30 kinakula karibu mita 12. Sita ni zaidi ya mita 70. Hapo pesa kidogo imekwisha na vidole vimekwisha.

Lakini seti ya viduara sita vya glasi na kimoja cha sufuria ni mita 13 na kidogo. Nunua 15 upate ziada ya makosa. Ukianza mapema, hiyo ni zawadi kamili ya kicheni pati, na hapa nijibu lile ninaloambiwa kila mara: "Mwalimu, nikipeleka kitu cha kutengeneza wataona nimebana." Nani ataona? Kwenye kicheni pati watu watano wanaleta dishi la plastiki la aina moja, bibi harusi anagawa manne kwa wifi zake. Watu wa Pwani hatukuanza leo kupeana vitu vya mkono. Kikuba cha asumini na rehani kinafungwa kwa mkono asubuhi na kinavaliwa siku hiyo hiyo, na hakuna mwanamke aliyewahi kukipokea akauliza bei yake. Kawa ya ukindu yenye rangi ilisukwa ifunike chakula, leo watu wanaitundika ukutani iwe pambo. Vinaheshimiwa kwa sababu vimekamilika. Kawa ambayo ukingo wake umefumuka haitundikwi na mtu.

La pili wanalosema ni "sina cherehani." Katika yote niliyoeleza hadi hapa, cherehani imetajwa wapi? Na hata kwa kitambaa, mshono wa mkono wa kurudi nyuma, ambao sindano inarudi hatua moja kabla ya kusonga mbili, unadumu. Bibi zetu walishona nao.

Haya, kanga. Ndani ya kila nyumba iliyo humu kuna kanga iliyobaki moja baada ya mwenzake kuchanika. Imekaa chini ya kabati. Itoeni. Msiniambie kukata kanga ni kuiharibu, maana inaliwa na mende huko iliko. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110, lakini pimeni yenu, hazifanani. Kama ni mpya, ifueni kwanza wanga utoke na inywee, la sivyo foronya itanywea baada ya kushonwa na mto hautaingia.

Kwa mto wa kochi wa sentimita 45 kwa 45, kata ukanda wa upana wa 47 kutoka juu hadi chini ya kanga. Ukanda huo ugawe vipande vitatu: cha mbele kirefu cha 47, na viwili vya nyuma vya 31 kila kimoja. Jumla 109, kanga inatosha. Kila kipande cha nyuma kunja ukingo mmoja mara mbili, sentimita moja na moja tena, ushone, kinabaki 29. Ulaze uso wa mbele ukitazama juu, vile viwili juu yake kifudifudi, kingo zilizokunjwa zikipandana katikati kwa sentimita 11. Shona pande zote nne, sentimita moja ndani, geuza. Mto unaingilia pale vinapopandana. Hakuna zipu, hakuna kifungo. Kanga moja inatoa foronya tatu. Zile kingo za ndani, zifungeni kwa mshono wa kuzungusha zisifumuke. Najua hazionekani. Zitaonekana siku foronya inafuliwa mara ya tatu.

Na kabla ya mkasi kugusa kitambaa, tafuteni jina. Tandika kanga sakafuni, soma maneno, amua kwanza yatakaa wapi. Mara nyingi jina ni refu kuliko sentimita 47, kwa hiyo ukikata ovyo unapata mto umeandikwa nusu ya methali. Pima jina zima, ulikatie foronya ndefu ya mstatili, ndogo kwa kimo na pana kwa upande, kisha hizi za mraba zitoke kwenye kitambaa kinachobaki. Hapo hazitatoka tatu, lakini utapata moja ambayo mgeni akiingia ataisoma kabla hajaketi. Na soma vizuri! "Mgeni njoo mwenyeji apone" ipelekeni popote. "Hasidi hana sababu" usimpelekee mkwe. Ugomvi utakaotokea hautatokana na mshono.

Naoneshwa saa. Vifuu nilitaka nivieleze kwa kirefu, nitapita haraka. Kata kwa msumeno wa chuma, kwangua nje kwa kipande cha chupa iliyovunjika ukiwa umevaa glavu au umefunga mkono kitambaa, msasa mkavu mpaka usikwaruze tena, halafu mafuta ya nazi kidogo kwa kitambaa, kesho yake tena. Utapata bakuli jeusi linalong'aa la kuwekea funguo au hereni. Ukingo wa juu ndio wa kupigwa msasa kuliko kote, maana ndiko kidole kinakoshika.

Ukili wa kushonea fremu ya kioo, hiyo ni siku nyingine, na afadhali mfundishwe na wasukaji wenyewe. Mishumaa siigusi leo.

Kufungasha: karatasi za kumetameta acheni. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 2019, na kikapu cha ukindu kinabeba zawadi vizuri, tena chenyewe ni zawadi. Au funga kwa kitambaa kilichobaki kwenye kanga, lakini pindeni ukingo wake, jamani, pindeni.

Waliokuja na kamba waje meza ya mbele, shazia zipo chache, tutaazimana. Wenye uzi wa kawaida wa kushonea nguo, wekeni kando, utakatika, chukueni ule wa viatu hapa. Na wale niliowaona na kamba ya milimita 8, hesabu ni ile ile, mnagawanya kwa 0.8 badala ya 0.6, kwa hiyo kiduara cha glasi kitawatosha chini ya mita moja. Anzeni na hicho kimoja, mwisho wake mniletee niupitishe kidole kabla hamjaenda kula.