Ndoano Ikikatika, Nini Kitalishika Tela?

Mhadhara kwa madereva, matingo na mafundi, Tanga

Asalaam aleikum, ndugu zangu. Nianze na tela lililonifundisha. Lilikuwa la matairi mawili, limejaa mkonge mbichi, likivutwa na trekta upande wa Pongwe. Kwenye tuta, bamba lililoshika ndoano, kile kiungo cha kuvutia tela, liling'oka. Mnyororo wa usalama ulikuwapo, tena mnene, lakini ulifungwa kwenye bamba lile lile, basi vyote vikaondoka pamoja. Tela likaingia shambani. Njiani hapakuwa na mtu, Alhamdulillahi.

Tangu siku ile, mtu akija nimfungie ndoano, swali langu la kwanza ni hilo: ikikatika, nini kitalishika tela?

Tuanze na uzito. Hesabu tela pamoja na mzigo. Tela tupu la kilo 700 likipakiwa tani 2 ni kilo 2,700. Ndoano, boliti, kichwa cha tela kinachokalia ndoano, gari lenyewe, kila kimoja kina kikomo chake, na kikomo chako ni kile kilicho kidogo kuliko vyote. Tufe la chuma la milimita 50, hili la kwenye pikapu, kwa kawaida huishia kilo 3,500. Ukizidi hapo, tafuta ndoano ya taya na pete, au pini nene. Semi-tela lina kingipini yake, ile pini nene ya chini ya tela, hiyo tuiache leo.

Lipime tufe kwa kalipa, kile kipimo cha taya, tafadhali. Yapo ya inchi 1 na 7/8, yaani milimita 47.6. Kichwa cha milimita 50 hulikalia vizuri na hata kufungika, ukaondoka umeridhika. Ukifika kwenye shimo, kinaruka.

Na upakiaji: kwa tela la pikapu, asilimia 10 hadi 15 ya uzito ikae juu ya ndoano. Ukirundika nyuma, tela huyumba kama mkia wa samaki.

Sasa minyororo. Iwe miwili, ipishane chini ya mkono wa tela, ili mkono ukichomoka uangukie juu yake, usichome lami. Kila mmoja ufungwe kwenye chesisi, mbali na boliti za ndoano. Uache nafasi ya kukata kona, lakini usiburute, kwa maana lami huusaga pete kwa pete. Kulabu ziwe na ulimi wa kuzuia kuchomoka.

Mimi nataka kila mnyororo uweze kubeba uzito wote wa tela peke yake, kwa sababu tela likichomoka halivuti taratibu, linapiga kwa kishindo. Mnyororo wa kufungia geti hauna kazi hapa. Tafuta uliogongwa alama ya daraja la ubora kwenye pete, kama 8 au 80. Wala usiuchomelee: moto unaua ugumu wa chuma hicho. Na sisi wa pwani tuna chumvi hewani, kwa hiyo kunja kila pete uangalie pale zinaposuguana, ndipo kutu hula kimyakimya.

Tela lenye breki zake liwe pia na waya wa kuzifunga breki hizo likichomoka. Waya huo nao ufungwe kwenye gari, usifungwe kwenye ndoano.

Tela liko pale nje chini ya mwembe. Twendeni, na mwenye kalipa aje nayo.