Nyoosha kichwa cha milingi kabla ya kupanua hausingi ya beringi

Assalamu alaykum mafundi wenzangu, karibuni karakana. Tupo Ngamiani, Tanga. Hii hapa kwenye benchi ni hausingi ya beringi, yaani nyumba ya chuma inayoshika beringi, imetoka kwenye korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, upande wa Muheza. Tundu limelika, nitalipanua nitie bushi, ile pete ndefu ya kuziba palipolika. Lakini kata, yaani kisu cha mashine, haigusi chuma mpaka tunyooshe kichwa cha mashine, yaani spindo inayozungusha kata isimame wima kamili juu ya meza.

Milingi ya wima ya aina hii, mashine ya kuchonga chuma kwa kata inayozunguka, tunaipenda kwa sababu kichwa chake kinalala kulia na kushoto, kinainama mbele na nyuma. Hicho hicho ndicho kinachotuponza. Kata ikikwama mara moja tu kwenye kazi nzito, kichwa kinasogea na jicho halioni. Niliwahi kupanua hausingi kama hii bila kupima. Kichwa kilikuwa kimelala milimita 0.6 kwenye upana wa milimita 200, kwa hiyo tundu la kina cha milimita 100 likatoka limelala milimita 0.3. Beringi iliingia vizuri, tukafurahi. Ilipofungwa ikapata moto, kazi ikarudi, na mwenye mali alikuwa amesimamisha mashine akinisubiri mimi. Jambo lile liliniuma sana.

Haya, zima umeme kwenye swichi kuu, usitegemee kitufe cha mashine. Toa jiliwa linaloshika kazi, futa meza. Sisi wa pwani hewa yetu ina chumvi, meza ikikosa mafuta siku mbili tatu inaota vidoa vya kutu. Pitisha jiwe la mafuta polepole, futa tena, halafu pitisha kiganja. Kiganja kinakamata kinundu ambacho macho yamekiruka.

Kaza kizuizi cha goti linalobeba meza, na cha bomba la spindo linalopanda na kushuka. Gia iwe huru ili spindo izunguke kwa mkono. Funga saa ya kupimia, ile inayosoma sehemu ndogo za milimita, kwenye spindo, ncha yake iwe milimita 100 kutoka katikati.

Ukizungusha sasa, ncha itatumbukia kwenye mifereji ya bolti za meza. Dawa yake ni hii ringi ya nje ya beringi kubwa iliyochakaa, kipenyo milimita 215. Nyuso zake mbili zimesagwa kiwandani, ziko sambamba. Msiziuze ringi hizi kwa wanunuzi wa vyuma chakavu! Ifute pande zote, ilaze mezani, ncha itembee juu yake.

Tunaanza kulia na kushoto. Kulia naweka sifuri, nazungusha nusu duara, kushoto inasoma milimita 0.20. Nalegeza nati nne za mbele, kiasi tu. Kichwa pamoja na mota ni mzigo. Ukizifungua kabisa kitabiruka na kukuvunja mkono. Sasa nazungusha bolti ya kurekebishia mpaka saa isome 0.10. Narudisha nusu tu, kwa sababu upande mmoja ukipanda, wa pili unashuka kiasi kile kile. Naweka sifuri upya, napima tena.

Mbele na nyuma hesabu ya nusu inadanganya. Mhimili wa kuinamia uko nyuma ya spindo, kwa hiyo ncha ikiwa mbele inasogea zaidi kuliko ikiwa nyuma. Hapa ni subira: sogeza kidogo, weka sifuri, zungusha, pima, rudia. Mimi huchukua hata dakika ishirini, na sioni hasara.

Kisha kukaza, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kaza nati kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo, jicho kwenye saa, maana kukaza kwenyewe kunavuta kichwa. Zikishakazwa zote, pima upya pande zote nne, kwa sababu ukinyoosha mbele na nyuma, kulia na kushoto huweza kuhama. Kwa kazi ya beringi sikubali zaidi ya 0.02 kwenye milimita 200. Ikizidi, nalegeza na kuanza tena.

Nasogeza kamera muone wenyewe. Kulia sifuri. Kushoto 0.01. Mbele 0.01. Nyuma sifuri. Natoa saa, natoa ringi, nafuta meza mara ya mwisho. Sasa leteni hausingi.