Unalalaje Baada ya Zamu?

Ndugu zangu waokoaji, na ninyi wakuu wa vikosi mlioketi huku mbele, asanteni kwa kunipa nafasi. Nitaanza na kiatu.

Zamu imekwisha. Wenzake wameshanawa na kuondoka, mwokoaji mmoja bado amekaa kwenye ngazi ya gari. Amelegeza kamba za kiatu kimoja, cha pili hajakigusa. Nusu saa nzima yuko vilevile. Ukimuuliza, "Vipi?" atakujibu, "Niko sawa." Wala hakudanganyi, maana kutwa nzima amebeba maiti bila kutetereka. Lakini mwili wake haujatoka kazini. Moyo unadunda, masikio yangali yanasikiliza kifusi. Akifika kitandani usingizi hauji, na ukija unakuja na yale aliyoyaona. Usiku wa tatu anakunywa kidogo, analala. Nani wa kumlaumu? Pombe imemfanyia jambo ambalo sisi hatukumfanyia.

Sasa nisikilizeni hapa, kwa sababu ndipo mtego ulipo. Pombe humlaza mtu upesi na kuzizuia ndoto saa za mwanzo. Ikishaanza kwisha mwilini, ndoto hurudi kwa kishindo. Saa tisa usiku ameketi kitandani, shuka imelowa jasho. Kesho yake anaongeza kipimo. Mwingine hanywi pombe kabisa, lakini vidonge alivyopewa kwa ajili ya mgongo sasa anavimeza ili usiku upite.

Ndiyo maana nasema kila ninapoitwa: usianze na "unakunywa kiasi gani?" Atakuficha, kwa kuwa anajua jibu linaweza kumtoa kazini. Muulize analala saa ngapi na anaamka saa ngapi. Kukosa usingizi hakumtii mtu aibu, na mengine yote yatafuata humohumo.

Minara ya World Trade Center ilipoanguka New York tarehe 11 Septemba 2001, watafiti waliwafuatilia waokoaji karibu 29,000, miaka 2 hadi 3 baadaye. Takriban asilimia 12 walikuwa na dalili za kiwewe. Miongoni mwa polisi ilikuwa asilimia 6. Miongoni mwa waliojitolea bila kuwa chini ya shirika lolote, asilimia 21. Waliofanya kazi ambayo si fani yao waliumia zaidi, na vivyo hivyo waliofika mapema na waliokaa muda mrefu. Wakuu, hayo ni mambo ya orodha ya zamu, na kalamu ya orodha hiyo mnaishika ninyi. Msimpeleke kijana wa kugawa maji akaokote viungo vya watu kwa kuwa tu alikuwa karibu.

Kuna desturi moja naomba tuiache: kuwakusanya watu chumbani siku ileile na kumlazimisha kila mmoja asimulie alichokiona. Tuliifanya kwa nia njema. Shirika la Afya Duniani halipendekezi kikao cha namna hiyo, na wapo ambao kiliwaongezea maumivu. Mpe mtu maji, mahali pa kulala, simu azungumze na nyumbani, na mtu wa kukaa naye. Akitaka kusema, atasema.

Na kwa aliyekwisha kuzama kwenye pombe: msimwambie aache leo. Aliyekunywa sana kwa muda mrefu akikata ghafla anaweza kutetemeka, kuweweseka, hata kushikwa na mitukutiko kama ya kifafa, na wapo wanaokufa. Mpelekeni kwa daktari, na mumwambie mapema, mbele ya shahidi, kwamba nafasi yake kikosini inamngoja. Nimeona mtu akikataa matibabu miezi minane kwa kukosa sentensi hiyo moja.

Tuingie kwenye maswali. Nawaomba wenye vyeo wasubiri kidogo. Waanze waliotoka zamu ya usiku.