Anayetaka Vipepeo Akubali Viwavi

(Mazungumzo na wakaazi wa Mji wa Kale, Mombasa, kabla ya kuanza bustani ya mtaa)

Assalamu alaykum. Wazee wangu, mama zangu, vijana, hamjambo? Nashukuru kwa kunialika.

Nimepita pale kiwanjani, nikasoma orodha ya mimea mliyobandika ukutani: waridi, asmini, mabogenvilia. Yote yapendeza. Lakini kwa orodha ile mmemkaribisha kipepeo kama mgeni wa kupita, hamkumpa pa kulea wanawe. Kipepeo mzima hunywa mbochi ya maua, na hiyo ataipata hata kwa jirani. Mtoto wake ni kiwavi, na kiwavi hula majani, tena si kila jani.

Chukueni mlimau. Yule kipepeo mkubwa mweusi mwenye madoa ya manjano, ambaye wataalamu humwita Papilio demodocus, hutaga kwenye mlimau, mndimu, mchungwa na jamaa zake. Yai ni dogo kama mbegu ya mchicha. Kiwavi akitoka huwa wa hudhurungi mwenye baka jeupe, na ukimtazama kwa haraka utadhani ni kinyesi cha ndege. Ndiyo kinga yake, maana ndege haoni cha kula pale. Akikua hugeuka kijani kama jani lenyewe. Mguse mgongoni polepole: nyuma ya kichwa zitachomoza pembe mbili laini, rangi ya chungwa, na harufu kali itakupanda puani. Najua kwetu ukitaja kiwavi mtu huanza kujikuna. Wanaowasha ni wale wenye manyoya. Huyu hana, wala haumi.

Uani kwa mama yangu palikuwa na mlimau. Mwaka mmoja nikaona majani yamekatikakatika, nikanunua dawa nikapulizia mti mzima, na maua yake. Asubuhi yake nilifagia viwavi, na pamoja nao nyuki waliokuwa wamefuata yale maua. Mlimau mkubwa haufi kwa viwavi kumi, ungechipua wenyewe. Jambo lile laniuma hadi leo. Kwa hivyo nawaomba, sharti la kwanza la bustani hii liwe kwamba bomba la dawa haliingii.

Kule Gede, kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke, kuna mradi wa Kipepeo ulioanza 1993. Wanakijiji hufuga vipepeo, na pupa zao, yaani kiwavi aliyejifunga kabla ya kugeuka kipepeo, huuzwa ng'ambo kwa nyumba za maonyesho. Mfugaji wa kule hushughulikia majani kwanza: bila miche ya chakula cha viwavi, hana cha kuuza. Na kwa kuwa kipepeo wa kutaga hutoka msituni, msitu nao una faida kwake ukibaki umesimama.

Nyuki nao wana haja zao. Mnaopanda pasheni ya manjano mwajua huweza kuchanua sana isizae. Ua lake lahitaji chavua ya mmea mwingine, na limeumbwa kwa mdudu mkubwa: yule nyuki mweusi mnene anayetoboa mbao, ambaye wengi wetu humfukuza na ufagio. Nyuki mdogo hupita chini, mgongo wake haufiki panapohitajika. Basi wekeni gogo kavu pembeni, atoboe hapo. Na pandeni mrehani. Mama zetu waliupanda kwenye madebe kwa ajili ya vikuba. Tatizo ni kwamba tunachuma vikonyo vyote. Acheni matawi mawili matatu yachanue, kisha muende asubuhi mkasikilize mvumo wake.

Popo pia msimsahau. Ua la mbuyu hufunguka usiku, na popo ni mmoja wa wanaolichavusha. Mkipita penye mibuyu ya Mama Ngina jioni, kumbukeni hilo.

Udongo wetu ni haba, chini ni jiwe la matumbawe. Lakini Bamburi machimbo ya saruji yalibaki jiwe tupu, na 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo, akaanza kupanda mivinje pale. Majani yake makavu yalirundikana bila kuoza, mpaka wakaletwa majongoo wakayala, udongo ukaanza kupatikana. Kwa hivyo msifagie majani mkayachoma. Yasukumeni chini ya miti. Na pale bombani maji yanapodondoka, acheni tope kidogo, vipepeo hushuka kufyonza chumvi yake.

Nimekuja na miche minne ya mlimau, iko mlangoni. Ule wenye kitambaa chekundu una mayai matatu kwenye majani ya juu, nimeyahesabu asubuhi. Mtakaoubeba, shikeni mkebe, msishike majani.