Bustani iliyosimama juu ya maji New York, baba hii vidio ni yako

Mambo vipi familia, mko poa? Wakubwa wote shikamooni. Na baba shikamoo, najua hapo mdogo wangu amekushikia simu barazani, ushavaa miwani, kaa vizuri maana leo ni wewe.

Kwa wale wageni kwenye chaneli, mimi mtoto wa Temeke, naishi Jersey City, yani ukivuka mto tu uko New York. Sasa kwenye vidio iliyopita nilikuwa naonyesha mto wa Hudson, kuna kitu kikapita kwa mbali sekunde kama kumi hivi, kama kisiwa kilichopandwa kwenye vikombe vyeupe. Wengi kwenye komenti mkauliza ni hoteli, ni restoranti, kuingia bei gani. Baba yeye akanipigia kabisa, akaniuliza swali moja tu, "hizo nguzo zimebeba nini, na chini zimekaaje?" Mnajua baba kafanya kazi bandarini Dar miaka na miaka, kuli wa zamani, gati kwake ni kama shamba kwa mkulima. Kwa hiyo leo nimekuja kumjibu, na nyie mtaona maua.

Nimepanda treni ya PATH, ile inayopita chini ya mto, nikashuka Mtaa wa 14, nikanyoosha magharibi kwa miguu mpaka barabara ikaniishia mtoni, dakika kama ishirini hivi. Panaitwa Little Island, Kisiwa Kidogo, iko ndani ya bustani ndefu ya ufukweni inaitwa Hudson River Park, hii yenyewe inafuata mto kilomita kama sita na zaidi.

Ngoja kwanza, kabla sijaingia naomba niwaonyeshe hili tao la chuma. Mnaliona? Limesimama peke yake halina jengo, watu wanapita chini yake wanasukuma baiskeli hata hawaliangalii. Baba hapa palikuwa na gati, Pier 54, gati la meli za kampuni ya Cunard, ukitazama sana juu pale maandishi yao bado yanasomeka kwa mbali. Ile Titanic ilivyozama mwaka 1912, watu waliookolewa, zaidi ya 700, waliletwa New York na meli inaitwa Carpathia, na walishukia hapa. Hapa hapa. Alafu miaka mitatu mbele, Mei 1915, meli ya Lusitania ikang'oa nanga kutoka gati hili hili kwenda Uingereza, haikufika, nyambizi ya Wajerumani iliipiga torpido karibu na Ireland, wakafa watu karibu 1,200. Nimesimama hapa mwili umenisisimka, nikawaza zile familia zilizokuwa zinasubiri hapa chini, kila mtu anatafuta sura ya mtu wake kwenye ngazi ya meli.

Gati likaja kuzeeka, meli za abiria zikaisha watu wakahamia kwenye ndege, alafu mwaka 2012 kimbunga Sandy kikaja kulimaliza. Ikabidi waamue wanajenga nini. Na hapa ndo palinivutia, kwa sababu wangeweza kumwaga zege wakaweka sakafu bapa, wakapanda majani, basi. Badala yake bwana mmoja mbunifu wa Uingereza, Thomas Heatherwick na ofisi yake, wakatazama vile vigogo vya mbao vya gati la kale vilivyobaki vimejitokeza kwenye maji, wakajiuliza, kwa nini nguzo zijifiche chini ya sakafu, kwa nini zenyewe zisiwe ndo bustani?

Haya baba jibu lako hili. Nguzo ya zege ikifika juu inafunguka kama ua, kama glasi ile ya mguu mrefu, hivyo vikombe wenyewe wanaviita tulipu, jina la ua lenye umbo la kikombe. Viko 132. Kila kimoja ni chungu, ndani kimejaa udongo, mti umeota ndani ya chungu! Na vyungu vimeshikana ubavu kwa ubavu ndo vimefanya hii ardhi ninayoikanyaga, vingine vimeinuliwa juu vingine viko chini, ndo maana kuna vilima na mabonde wakati tuko juu ya mto. Havikumwagwa hapa, vilitengenezwa vipande vipande kiwandani huko kaskazini mwa jimbo, vikateremshwa mtoni kwa tishali, vikaja kuunganishwa. Nikaona tishali, nikakukumbuka.

Alafu kitu kingine. Pembe za kisiwa wameziinua makusudi ili jua lipenye liingie mpaka kwenye maji chini, kwa sababu ya samaki, na vile vigogo vya zamani hawakuving'oa, wameviacha kwa ajili ya samaki kujificha. Mimi nimekulia pwani nimeona watu wanavyokata mikoko bila hata kugeuka nyuma, kwa hiyo mtu akikaa na kuwaza samaki kabla hajajenga jukwaa la muziki, namheshimu sana.

Okei tumevuka daraja sasa tuko ndani. Sijalipa kitu. Narudia kwa wale walioniuliza bei, kuingia ni bure, unakuja unaingia, hakuna mtu kakusimamisha. Na si kwamba padogo panachosha, ni ekari 2.4 tu lakini njia zimezungushwa hivi, unapanda unashuka, unapinda kona unakuta maua mengine kabisa, kuna sehemu ya mawe makubwa watoto wanapanda kama mbuzi, kuna visahani chini ukikanyaga vinalia, kila kimoja sauti yake, huyo mtoto hapo karuka karuka mpaka katoa wimbo wake. Mimea ni aina mamia, aliyeipanga ni mama mmoja mtaalamu wa bustani anaitwa Signe Nielsen, na amepanga kwa upepo na jua, upande huu unaopigwa na upepo mimea yake migumu, kule ndani kwenye kivuli laini. Majina siyajui yote ila harufu hii natamani ningewatumia.

Sasa tumefika kileleni upande wa kusini magharibi. Geuka kamera... haya. Kule ng'ambo ndo kwetu Jersey, kule chini majengo marefu ya Manhattan, na jua linashukia nyuma ya Jersey. Nakaa hapa kidogo.

Niwaambie ukweli hii bustani haikuzaliwa kwa amani. Pesa nyingi zimetoka kwa tajiri Barry Diller na mkewe Diane von Furstenberg yule mbunifu wa mavazi, dola kama milioni 260, na wapo watu walioenda mahakamani, wakisema mto ni wa wote kwa nini mtu mmoja ajengee ndoto yake, na samaki je. Kesi ikavutwa mpaka mwaka 2017 Diller akasema basi naacha, wiki kama sita mbele wakapatanishwa ikafufuka, ikafunguliwa Mei 2021 wakati watu wanatoka tu kwenye korona. Mimi nadhani wale waliouliza walikuwa na haki ya kuuliza. Tajiri akifa au akichoka nani anamwagilia? Familia yake imeahidi kulipia matunzo kwa miaka 20, sawa, lakini miti inaishi zaidi ya miaka 20. Ila pia nawaangalia watu waliokaa hapa, pembeni yangu kuna bibi na mjukuu wanakula wali kutoka kwenye kontena la plastiki, wametoka nao nyumbani, hakuna anayewaambia nunueni kitu ndo mkae. Hilo kwangu ni kubwa sana.

Mnajua nimewaza wapi? Forodhani. Wale wa Unguja mtanielewa. Jina lenyewe linasema, palikuwa pa forodha, mizigo na ushuru, leo ni bustani, iliharibika ikatengenezwa upya ikafunguliwa 2009, jioni unakuta vijana wanaruka majini kwa sarakasi, mtu na mishkaki yake, mzungu na mswahili benchi moja. Palepale penye jasho la makuli ndo watu wanapumzikia. Na Coco Beach yetu Jumapili, na mihogo yake. Kwa hiyo sisemi kwetu hatuna, tunapo, ninachoomba tu ile mipaka ya bahari isizibwe kuta kuta mpaka mtoto wa Temeke alipie ndo aone maji. Naomba kwa moyo wote kabisa.

Haya tushuke, nasikia muziki. Hapa panaitwa Glade, jukwaa dogo la kwenye majani, na kule upande wa mto kuna jukwaa kubwa, viti vya mbao vimepangwa kama ngazi vinatazama mto, watu 687 wanaenea. Kwenye jukwaa kubwa kipindi cha joto wanaleta dansi, opera, maigizo, hayo mara nyingi ni ya tiketi. Huyu dada anapiga chelo, ile fidla kubwa, sikilizeni... nyuma yake maji, feri inapita, yeye wala hatikisiki.

Baba moja la mwisho. Nimeshuka kwenye kizuizi hapa ili uone chini, ona vigogo vyeusi vile, vile ndo vya gati la zamani. Nilipofika mchana vilikuwa vimefunikwa karibu vyote, sasa hivi vimetoka shingo. Huu ni mto lakini unapwa na kujaa, bahari inaingia mpaka huku ndani. Wenyeji wa asili waliuita mto unaotiririka pande zote mbili. Ulivyonifundisha kusoma maji pale Kivukoni nikiwa darasa la tatu, leo nimeyasoma New York, nikasema saa moja hivi yatakuwa yamepwa kabisa, nikamwuliza mlinzi akafungua simu yake akatazama akaniambia ndiyo.

Nipigie ukishaona. Niambie kama nguzo zimekaa vizuri.